Barabara Waliyoitengeneza kwa Harusi Yangu

Wala usiwatetee, Babu. Najua ungekuwa hapa ungesema watu wetu hawakuelewa, kwamba habari za wilayani zikifika kwetu huwa zimechoka njiani. Walielewa. Katekista alisoma tangazo kigangoni mbele ya kila mtu, kisha akalirudia kwa lugha ya nyumbani kwa ajili ya wazee: wiki hii mkaguzi wa mgao wa msitu anakuja kuona jinsi barabara yetu ilivyoharibika. Watu wakatikisa vichwa kwa furaha. Kesho yake asubuhi wakachukua majembe na sururu, wakaenda kuitengeneza.

Nimekuwa nikikusimulia haya kichwani tangu nilipoolewa, nikichambua mchele, nikichota maji, na Josephat amenikuta mara nyingi natikisa kichwa peke yangu. Jana ameniletea karatasi na kalamu, akasema, "Mwandikie basi, maana mazungumzo yenu hayaniachii nafasi." Ndiyo maana unapata barua.

Ngoja nianze na yeye, kwa sababu nikianza na barabara nitakasirika mpaka kalamu itoboe karatasi. Babu, mume wangu wa kwanza, umepata mwenzio. Uliniita mke wako tangu natambaa, ukawa unamwambia Bibi afungashe vyombo vyake apishe mke mdogo, na uliapa kwamba mwanamume atakayenitaka atapigana na wewe mieleka kwanza. Josephat amechelewa. Ni mwembamba, ungemwangusha hata na lile goti lako bovu. Ni bwana mifugo hapa Butiama, kwao ni Mwitongo, na anaporudi jioni kutoka joshoni ananuka dawa ya kupe hivi kwamba mama yake humwambia asimame nje kwanza. Mimi nasikia marashi. Nacheka peke yangu nikiisikia pikipiki yake inakohoa kwa mbali. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefundishwa kazi za moyo kwa michoro ya rangi, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba moyo unaweza kuruka kwa sababu ya harufu ya josho.

Na unajua alivyonipata? Alikuja nyumbani kuchanja ng'ombe, masika yaliyofuata baada ya kukuzika. Pikipiki ikazama kijitoni, akafika kwetu kwa miguu, matope mpaka kiunoni, amekumbatia kisanduku cha chanjo kama mtoto mchanga. Nilicheka, sikuweza kujizuia. Akasema, "Dada, ukimaliza kucheka naomba maji." Barabara haikumruhusu kuondoka mpaka jua lilipowaka vya kutosha, na mpaka hapo alikuwa amekwisha kumuuliza Bibi mimi ni mtoto wa nani.

Haya, mgao. Wewe ndiye uliyekuwa ukiudai, ukafa ukiwa bado ni neno la mikutanoni, kwa hiyo nikueleze ulivyokuja. Serikali kuu imekubali kwamba ushuru unaotoka msituni, wa mbao na wa wawindaji, usibaki wote Dar es Salaam. Sehemu yake irudi kwa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa ajili ya shule na barabara zao. Ni yale yale uliyokuwa ukiyasema wakati wanakuona mkorofi. "Nyani wa serikali wanakula mahindi yangu," ulisema, "fisi wa serikali wanakula mbuzi wangu, na mti wa serikali siruhusiwi kuukata hata wa kuchomea tofali za shule. Basi serikali hiyo hiyo initengenezee barabara." Ulipanda baiskeli, suruali umeikunja mpaka magotini, ukaenda Bunda kusema hivyo. Kama sukari ilipatikana ulirudi na sukari kwenye gazeti. Kama haikupatikana ulirudi na hasira tu.

Sukari sasa ipo, Babu. Tangu walipofungua biashara, maduka ya Musoma yamejaa sabuni za kila rangi, na gauni langu la harusi lilitoka kwenye marobota ya mitumba sokoni, lina lulu za uongo kifuani, utadhani lilikuwa linanisubiri mimi tangu Ulaya. Vitu vipo. Ila kila unakokwenda unakutana na neno jipya, kuchangia. Hospitali unachangia, shule unachangia, na pamoja na michango yote hiyo darasa la tano na la sita kule nyumbani bado wanakaa chumba kimoja, wamegeuziana migongo.

Walimu nao hawaji. Mwaka huu aliletwa mmoja, kijana, akashuka kwenye basi pale njia panda, akaitazama barabara yetu, akakaa juu ya sanduku lake mpaka basi la kurudi Bunda lilipopita. Sasa watu wa elimu wamesema wazi: kama barabara haitengenezwi na walimu hawafiki, darasa la sita na la saba yatahamishiwa shule ya ng'ambo ya msitu. Unaijua njia ya kwenda huko. Nyati wanaivuka alfajiri kwenda kunywa maji. Hakuna mzazi atakayemtoa binti yake gizani apite hapo. Watakaa nyumbani, wataolewa wadogo, basi. Mimi nilifika sekondari kwa sababu darasa la saba lilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwetu, nawe ulikuwa unaweza kusimama mlangoni ukaona kama nimeingia au nimekwenda kuchuma matunda.

Mgao wa kwanza ungetosha barabara moja tu katika kata, ile mbovu kuliko zote. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kwa ubovu yetu haishindiki. Mkaguzi angekuja, angekwama, angeandika, tungepata. Baba Mdogo Magesa, aliyechukua kiti chako kwenye kamati ya shule, alikuwa anatembea kijijini kama mtu aliyekwisha kushinda.

Harusi yangu ikaangukia wiki hiyo hiyo.

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Butiama kwa lori, akina mama wamesimama nyuma wanaimba, na mbele kwa dereva amekaa shangazi yake Josephat, mtu mnene na mwenye maneno. Unajua kwetu: mkwe hashushwi njiani. Mkwe akifika na matope miguuni, aibu ni ya ukoo mzima na itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Bibi akaita risaga. Akapika pombe ya mtama kwenye vyungu ambavyo sijui alivitoa wapi, na kijiji kizima kikatoka kufanya kazi pamoja kama zamani, wale wale ambao miaka yote walisema barabara ni kazi ya serikali. Walibeba mawe kutoka mlimani. Walifunga ng'ombe wakakokota kifusi. Kijitoni walilaza mawe makubwa, wakapanga madogo juu yake, wakamwaga changarawe, wakaishindilia kwa miguu huku wanaimba, vijana wakishindana na wazee.

Baba Mdogo alisimama katikati ya njia akainua mikono. "Jamani, mkaguzi anakuja wiki hii."

Bibi akamuuliza, "Mkaguzi huyo ni mkwe wa nani?"

"Mama, si mkwe. Ni mtu wa serikali."

"Basi atapita atakapopita mkwe. Shika jiwe."

Akashika jiwe. Ndivyo alivyo, mwanao unamjua.

Mimi nilikuwa ndani, shangazi zangu wananipaka mafuta na kunifundisha kunyamaza, kwa hiyo sikuona chochote. Nilisikia nyimbo kwa mbali nikadhani ni furaha yangu inaimbwa. Na ilikuwa furaha yangu kweli, ndilo linalonitia wazimu.

Harusi yenyewe sitaki kuipita haraka. Josephat alivaa koti la kuazima, mikono yake mirefu mno, akawa anaipandisha kila mara padri alipotaja jina lake. Alipotakiwa kusema ndiyo aliisema mapema, kabla swali halijaisha, kanisa zima likacheka, na padri akamwambia, "Subiri, kijana, hakuna anayekunyang'anya." Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na sato wa kukaanga ambao mama mdogo aliwaleta kutoka Kibara. Nilimtazama Josephat kupitia maua ya karatasi waliyonivika kichwani nikawaza kwamba hata ningepewa nichague katika dunia nzima ningerudi pale pale, kwa mtu huyu mwembamba anayehangaika na mikono ya koti. Nafasi yako nilikuwekea, Babu. Kiti cha pembeni, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Lori lilikuwa limeingia kijijini kama liko kwenye lami, linapiga honi tangu kijitoni. Nyuma ya vumbi lake ikaja Landrova.

Dereva wa mkaguzi hakuijua njia. Aliona lori lenye maua, akalifuata. Mkaguzi akashuka, mtu wa makamo, mpole, kofia mkononi, akakaribishwa mbele pamoja na wakwe. Akala. Akapewa soda. Shangazi yake Josephat akamwinua kucheza, naye akacheza vizuri tu. Ndipo akauliza, kwa adabu, ile barabara mbovu iko wapi. Mzee Matiku, mgomvi wako wa kwenye bao, akamjibu mbele ya watu wote, kifua mbele: "Ni hiyo uliyojia. Hata ungekuja na basi lingefika abiria wamelala." Watu wakapiga makofi. Wakamweleza kila jiwe lilikotoka. Wakamwonyesha malengelenge ya mikononi. Baba Mdogo anasema alikuwa anamkanyaga Mzee Matiku chini ya meza, na mzee akageuka akamuuliza kwa sauti kubwa, "Wewe Magesa, mguu wangu umekukosea nini?"

Mkaguzi aliondoka na paja la mbuzi. Kwenye karatasi zake aliandika kwamba barabara inapitika.

Mvua ya kwanza iliyokuja baada ya hapo ilibeba kazi yote. Changarawe ilikwenda, mawe madogo yakafuata, na makubwa yakabaki yamechongoka, ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa hata baiskeli inabebwa. Na ikasikika kwamba kwenye orodha inayotayarishwa wilayani jina la kwanza ni barabara ya kijiji jirani. Ukiwauliza wale walifanya nini kabla ya mkaguzi kufika watakuambia hawakufanya kitu. Walilala.

Habari hizo zilinikuta ningali bibi harusi, nakula vya kuletewa, kanga zangu hazijafuliwa hata mara moja. Nililia kwa hasira, Josephat akadhani nimekwisha kumchoka. Nilipomweleza alifanya kosa la kucheka. Akasema, "Yaani sisi ndio tumekula barabara." Nikamnunia mpaka asubuhi. Asubuhi akawasha pikipiki, akasema, "Panda," tukaenda Bunda. Nilimshika kiuno njia nzima, na hasira ilikuwa inanitoroka, nairudisha, inanitoroka tena, kwa sababu mgongo wake ni mzuri kuegemea.

Mkaguzi alinitambua. "Bibi harusi, karibu. Barabara yenu ile inanifurahisha mpaka leo, laiti vijiji vyote vingejituma hivyo."

Nikamweleza. Wakwe, risaga, Bibi, mvua. Alinisikiliza huku anavua miwani na kuivaa. "Sasa, mama, niandike nini? Kwamba niliyoiona sikuiona?"

Nikamwambia aandike kwamba aliona harusi. Josephat akakohoa.

Mkaguzi akaivuta kalenda ya mezani. Akasema kikao cha kupitisha orodha ni mwisho wa mwezi huu. Kabla ya hapo anaweza kuja mara moja tu, na atakachokiona kwa macho yake ndicho atakachoandika. "Lakini nakuomba, mama. Wakiziba hata shimo moja, mimi simo."

Nikafurahi kama mjinga. Nikadhani kazi imekwisha. Jumapili tukaenda nyumbani kuwapa habari, tukaiacha pikipiki njiani, na tulipofika kijitoni nikakuta rundo la mawe. Kondakta wa basi alikuwa ametutangulia na taarifa kwamba mkaguzi anarudi. Bibi alikuwa amekwisha kuloweka mtama.

"Bibi, msiguse barabara."

"Yule mtu amekula kwetu," akasema. "Amecheza na wakwe zetu. Huyo si mkaguzi tena, ni mgeni wa nyumba. Apite kwenye tope, akaseme nini kwao?"

"Akaseme barabara ni mbovu."

"Akaseme sisi ni watu wabaya."

Mzee Matiku akamuunga mkono. Hata Baba Mdogo, Babu, hata yeye aliyekuja kulia kwangu kwamba mgao umepotea, akakuna kichwa akasema labda tuzibe kidogo tu, pale pabaya zaidi. Pale pabaya zaidi. Nilitamani kukaa chini kwenye tope na kanga zangu.

Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema tangu tulipokuzika. Siku ulipoletwa kutoka hospitali Musoma, gari lilikataa pale pale tuliposimama. Walikuteremsha wakakubeba mabegani, na katikati ya maji mmoja akateleza, wakakutua ukingoni wapumzike. Nilikuwa nyuma yao. Niliona tope limepanda kwenye ubao wa jeneza, na hakuna aliyekuwa na kitambaa. Nikawauliza wote, Bibi akiwemo: kwa lori la harusi yangu mlibeba mawe kutoka mlimani, kwa jeneza la Babu hamkuleta hata jembe. Kwa nini?

Mzee Matiku akalitua jiwe alilokuwa ameshika. Halafu Bibi akasema, polepole, bila kunigombeza, "Alitukataza. Alikuwaga anasema, msiiguse, waione. Hata siku ile tunampeleka hospitali, yuko kwenye machela, amenishika mkono: msiiguse. Sasa sisi tungefanyaje?"

Sikujua, Babu. Miaka hiyo nilikuwa bweni Musoma, nikija likizo naikuta barabara kama nilivyoiacha, nikadhani ni uvivu wao. Kumbe ni wewe. Nikakukasirikia na wewe, sikufichi. Watu walikuwa wanashusha magunia ya pamba kijitoni na kuyavusha kichwani, wajawazito wanavushwa kwa machela, kwa sababu wewe ulitaka serikali ione, na serikali haikuja kuona. Halafu umekufa, na jambo la kwanza walilofanya mikono yao ilipofunguliwa ni kunitengenezea mimi njia ya kutokea. Siwezi hata kuwagombeza sawasawa. Nikianza, nasikia walivyokuwa wanaimba.

Na sasa mimi ndiye niliyesimama pale nasema maneno yako, msiiguse, nimevaa kanga ya harusi na mume wangu amenishikia viatu. Niliwaambia tofauti ni hii: safari hii mtu anakuja kweli, nimemwona, nimezungumza naye, na asipoikuta mbovu madarasa yetu mawili yanahama. Bibi aliwatazama watoto waliojaa ukingoni wanatusikiliza, wengine bado wana sare za shule Jumapili kwa sababu hawana nguo nyingine. Hakusema sawa. Aliuliza, "Gari lake litafika mwisho wapi?"

Nikasema hapa hapa. Haliwezi kuvuka.

"Basi nitakaa hapa na beseni na maji ya moto. Akivuka nitamnawisha miguu mwenyewe, mpaka magotini. Na mtu asije akaniambia hilo nalo limekatazwa."

Hakuna aliyemwambia. Mzee Matiku akaanza kuyarudisha mawe, mojamoja, ananung'unika kwamba amezaliwa na kuzeeka bila kuona risaga ya kurudisha mawe mlimani. Mtama uliolowekwa walisema hauwezi kutupwa, kwa hiyo pombe itanyweka hata hivyo.

Siwaamini, Babu. Nawapenda na siwaamini. Siku ni nyingi na mikono yao inawasha. Nikigeuka tu mtu atapeleka toroli la changarawe aseme ni kidogo, haionekani. Kwa hiyo kesho nafunga mzigo, nakwenda kukaa kwa Bibi mpaka mkaguzi afike, nilinde ule ubovu kama watu wanavyolinda shamba. Josephat ananung'unika kwamba kitanda kitakuwa baridi, nami nanung'unika zaidi yake, lakini amesema atanifuata siku yenyewe na kwamba anataka kufika kwako kwa miguu, kama alivyofika mara ya kwanza.

Pumzika basi, mume wangu wa kwanza. Nimekwisha kukukasirikia na nimekwisha kuacha, yote katika barua moja. Kaburi lako nasikia limeota majani upande wa miguu. Nitayang'oa mwenyewe, nisimwachie mtu. Nitakueleza mkaguzi ameandika nini, liwe zuri au baya, wewe ndiye wa kwanza. Usishangae tukikufikia na matope. Tunakuja wote wawili, kabla ya mwezi huu kwisha.

Mke wako mdogo,
Wakuru